Jirani Amekiri Wizi Uliofanywa na Nyuki Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana nimejaribu kuifupisha mara mbili na kila nikiifupisha naonekana mtu mzuri, jambo ambalo si kweli.

Mimi ni kinyozi, nina mke, na tunaishi nyumba moja na mama mkwe, mkunga mstaafu, mwanamke ambaye nusu ya mtaa huu aliipokea kwa mikono yake na kwa hiyo humwambia yeyote chochote bila kuomba ruhusa. Nyuma ya nyumba tuna mizinga mitano ya nyuki. Minne ni yangu, niliianzisha mwaka juzi baada ya mafunzo ya siku tatu yaliyonipa cheti na kiburi, na wa tano ni wa mama mkwe, mzinga wa mbao aliouchonga marehemu baba mkwe kwa mkono wake, una nyuki wachache na wapole, na asali yake mama hula kijiko kimoja kimoja akiwa peke yake, wala hakuna anayeigusa.

Maua yalipokuwa yanakaribia kwisha mama alinikalisha jikoni akaniambia, "Mkwe, sasa huko nje hakuna kitu. Nyuki aliyezoea kazi ukimkosesha kazi anaanza kuchungulia nyumba za wenzake. Ukivuna, vuna jioni jua likizama. Sega likitoka liingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Tone likidondoka, lifute. Usikombe yote, waachie chakula. Na mlango wa mzinga wangu uupunguze, ubaki wa kupita nyuki wawili tu, waweze kuulinda." Nikamjibu, "Sawa mama." Mshauri, nilisema "sawa mama" kama vile mtu anavyosema "niko njiani" akiwa bado bafuni.

Siku ya pili yake mama na mke wangu wakaenda kwa mama mdogo, dada yake mama, kukaa siku mbili, nikabaki mimi na mizinga, na vazi jipya la nyuki, jeupe, lenye wavu usoni, ambalo lilikuwa halijaonwa na mtu, na nikafikiri kwamba nikivuna jioni picha zitatoka nyeusi, basi nikavuna saa nne asubuhi jua likiwaka. Simu niliiegemeza kwenye tofali. Ndoo mbili za asali niliziweka wazi juu ya benchi, hatua tatu kutoka mzinga wa mama, kwa sababu hapo ndipo mwanga ulipokuwa mzuri, na masega niliyokwisha kuyakamua nikayatupa kwenye toroli. Nilipomaliza nikaingiza ndoo ndani, hilo nililikumbuka, lakini toroli nikaiacha palepale, benchi likiwa limejaa matone, nikakaa sebuleni kuchagua picha. Watu wakaanza kunipongeza, "hongera bwana nyuki," "kweli wewe fundi," nami nikawa namjibu kila mmoja kwa heshima, kama saa nzima hivi.

Kilichonitoa sebuleni ni sauti. Sijui niifananishe na nini, ilikuwa kama mashine zangu zote za kunyolea zimewashwa kwenye karai. Nilipochungulia dirishani nyuki wa mizinga yangu yote minne walikuwa wamekwisha kuisafisha toroli hata inang'aa, wakamaliza benchi, na sasa walikuwa kwenye mzinga wa mama, ambao mlango wake sikuupunguza, wanaingia kama watu wanaoingia uwanjani bure. Wale wapole wa mama walijaribu. Niliwaona wakipigana mlangoni wanabiringishana mpaka chini. Nilitoka na maji, nikarudi bila maji, nimeumwa sikioni na mahali pengine ambapo hapahusu barua hii. Nikajifungia jikoni nikawatazama wanabeba mpaka jua linazama.

Asubuhi nilifunua mzinga. Masega yalikuwa matupu yamechanwachanwa, mlangoni kumejaa unga wa nta kama mtu amekata mbao kwa msumeno, nyuki waliokufa wametapakaa, na ndani kwenye kona limebaki fundo dogo la nyuki, la kujaa kiganja.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilifagia. Nilifagia unga wa nta wote, nikazoa nyuki waliokufa, nikatoa masega yaliyochanika nikayachoma, nikarudisha mfuniko, nikaosha toroli. Wakati nafagia nilijiambia napunguza ubaya wa jambo ili mama asishtuke. Kumbe nafuta alama za nyuki, na kilichobaki hapo ni mzinga usio na masega, kana kwamba kuna mtu mwenye mikono aliyekuja akayakata akaondoka nayo.

Mama aliporudi hata mkoba hakuuweka chini. Alifunua, lile fundo la kwenye kona hakuliona, akaniuliza, "Mkwe, nani amefungua mzinga huu?"

Nikasema, "Mama, hata mimi nimeshangaa."

"Sikio lako lina nini?"

"Mashine ilinikwaruza, mama."

Mama ameangalia miili ya watu miaka thelathini na tano, lakini uchungu ulimziba macho, akaniamini. Akasema, "Huyu ni mtu. Nyuki hawakati masega wakaenda nayo. Tena ni mtu mwenye glavu, na kitu cha kuziba uso, na hana woga wa moto." Akageuka taratibu akatazama ng'ambo ya uzio. Ng'ambo ya uzio kuna karakana ya fundi wa kuchomelea mageti, mtu mkimya sana, tunamwita Cheche. Ana glavu. Ana kinyago cha kuziba uso. Kushinda na moto ndiyo kazi yake. Na wiki hiyo, kwa bahati mbaya ambayo sijui ameikosea nini, alikuwa na kikohozi na mkewe alikuwa anamtengenezea chai ya asali.

Mshauri, sikusema ni yeye. Lakini sikusema si yeye.

Mama aliacha kumsalimia Cheche, na mtaani kwetu mama akiacha kumsalimia mtu, mtu huyo anakuwa kama hayupo. Wanawake wakaacha kumsalimia mkewe. Watu wa mageti wakaenda kwa fundi mwingine. Wiki tatu nzima nasikia karakana imenyamaza, na mimi namnyoa Cheche kila Jumamosi bila malipo, nikimwambia kuna ofa, na kwa kuwa siwezi kumtazama kwenye kioo kila mara namharibu inabidi nipunguze zaidi, sasa hivi amebaki na kipara.

Halafu Jumatano iliyopita asubuhi Cheche akaja kwetu na chupa ya asali, amevaa shati la pasi, akasimama mlangoni akasema, "Mama, nisamehe. Ni mimi. Tamaa iliniingia. Imebaki hii."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka hewani kikaanguka.

Mama akaichukua chupa, akaonja kwa kidole, akafumba macho. "Hii ndiyo," akasema. "Hii ni asali ya marehemu. Hata ningewekewa chupa mia ningeijua." Akanipa niishike, na kidole gumba changu kikanata kwenye gundi ya karatasi ya dukani iliyobanduliwa.

Nilimkimbilia njiani nikamuuliza kwa nini amekiri. Akaniambia, "Kinyozi, mke wangu hajasalimiwa na mtu wiki tatu. Analia anapokuna nazi, analia anapofua. Mimi ningesema si mimi mpaka lini? Nimeona nikiri, yaishe." Wala hakuniuliza ni nani basi. Sikumwambia.

Lakini hayajaisha. Mama amemsamehe kwa sharti kwamba Jumamosi hii, kikao cha kikundi cha wafuga nyuki kikikaa uani kwetu, Cheche asimame mbele ya watu wote aseme alichofanya. Na katika kikao hichohicho mama anataka nichaguliwe mtunza stoo wa kikundi, kwa sababu, kwa maneno yake, "tunahitaji mtu mwaminifu." Nikisema ukweli sasa, Cheche ataonekana mwongo, na mama aliyeapa kuijua ladha ya asali ya mumewe ataaibika mbele ya mtaa aliouzalisha, na mke wangu, ambaye pia hajui, sijui atalala upande gani. Nikinyamaza, nitakuwa nimekaa kwenye kiti namtazama mtu akijiita mwizi kwa ajili yangu. Sili vizuri. Juzi nimemnyoa mteja nyusi moja. Nifanye nini?

Ni mimi, Kinyozi Mwenye Hatia.

*

Barua hii niliijibu kwa simu siku ileile iliyonifikia, kwa sababu Jumamosi isingesubiri gazeti. Naichapa kwa ruhusa yake, pamoja na niliyomwambia.

Ndugu Kinyozi,

Pole kwa sikio. Pole zangu zinaishia hapo kwa sasa, nitakupa nyingine tukifika mbele kama utakuwa umezistahili.

Kuiacha toroli nje ni uzembe, na uzembe kila mtu anao. Mimi mwenyewe nimewahi kuacha pasi juu ya gauni la harusi la mtu. Kama ungebaki na fagio mkononi ukamngoja mama yako mlangoni ukamwambia, "Mama, nimeharibu," leo ungekuwa na mwezi mmoja wa kununiwa na mambo yamekwisha. Wewe ukafagia. Halafu ukaulizwa swali moja la wazi, ukajibu kwamba hata wewe umeshangaa. Umeshangaa nini? Tangu hapo kila siku uliyoamka ukanyamaza uliongeza tofali, na ukuta umemwangukia mtu mwingine. Tena unamnyoa bure. Ndugu yangu, mtu anayepoteza jina lake hahitaji ofa ya kunyolewa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jambo fulani na sikulipata. Umeniandikia picha, vazi jeupe, aibu yako, aibu ya mama, nyusi ya mteja. Lile fundo la nyuki lililobaki kwenye kona, la kujaa kiganja, umelitaja mara moja ukaliacha hapo. Wako hai? Wana malkia? Wanakula nini? Zimepita wiki tatu na zaidi. Mzinga wa marehemu haujafa labda, lakini mnauombolezea huku nyuki wenyewe wanakufa njaa ndani yake, na mtu pekee anayejua kwamba wamo, na kwamba hawana hata tone la asali, ni wewe.

Kwa kuwa mimi nyuki nawajua kwa kuwakimbia tu, nilimpigia mfugaji mmoja wa siku nyingi. Alicheka kwanza, maana anasema hakuna mfugaji ambaye nyuki wake hawajawahi kuibiana wenyewe kwa wenyewe maua yakiisha. Kisha akaniambia jambo ambalo nashangaa hukulifikiria: asali ya mama yako haijapotea. Nyuki wako waliibeba, wakaipeleka kwao. Imo ndani ya mizinga yako minne, imehifadhiwa vizuri. Kwa hiyo unapomtafuta aliyeshika mali ya wizi, fungua mizinga yako.

Sasa sikiliza, na usiniletee "sawa mshauri" ya bafuni.

Leo jioni, jua likizama, nenda kwenye mzinga wa mama uzibe mlango wake kwa kitambaa au kijiti, ubaki upenyo wa nyuki mmoja au wawili. Usiwape sukari mchana wala usimwage tone nje, usije ukaalika wezi mara ya pili. Masega ya asali watawekewa, lakini si na wewe kwa siri. Siri zako tumeziona zinavyofanya kazi.

Leo hiihii mwambie mkeo. Usisubiri amalize kula, mwambie. Atakasirika kwa sababu ulimwacha yeye naye aache kumsalimia mke wa jirani, na ana haki. Kesho asubuhi nenda karakana umwambie Cheche, peke yenu, kabla hajasikia kwa mwingine. Usimwombe akae kimya kukusaidia. Amekusaidia vya kutosha bila kujua.

Kisha nenda kwa mama. Si Ijumaa usiku, si dakika tano kabla ya kikao. Kesho. Mwambie kwa mpangilio uleule ulioniandikia: saa nne asubuhi, vazi, toroli, mlango, fagio. Fagio usiliruke. Na kuhusu ladha, usiseme neno. Usimtetee, usimsahihishe, usicheke. Mama aliyeonja kitu akamkumbuka mumewe hana kesi ya kujibu kwako. Kama ana la kusema kuhusu ile chupa atalisema mwenyewe, kwa wakati wake.

Unaogopa ataaibika mbele ya mtaa. Unamdharau. Mwanamke aliyekaa miaka thelathini na tano akiwaambia watu habari za furaha na za msiba ataweza kusema mbele ya watu kumi na watano kwamba alikosea. Asiyeweza mpaka sasa ni wewe.

Na ule utunza stoo, ukatae.

*

Wiki nne baadaye alinitumia ujumbe huu, nami nauweka kama ulivyo.

Mshauri, nimechelewa kukuambia kwa sababu nilikuwa nangoja kuona.

Mke wangu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akasema, "Kesho kabla mama hajanywa chai, au nitamwambia mimi." Akatoka hapohapo akaenda kwa mke wa Cheche, na sijui walisema nini ila alirudi macho mekundu.

Cheche nilimkuta anapiga msasa kipande cha geti. Nilimwambia yote. Akavua kinyago. Akauliza, "Kwa hiyo niliyekuwa namkiria ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ningejua ningeleta chupa ndogo." Kisha akaendelea na msasa, na akaniambia nisimnyoe tena mpaka nywele zirudi. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi.

Mama nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye fagio alifumba macho. Nilipomaliza alisema, "Umewaacha na njaa muda wote huu?" Hicho tu ndicho alichosema. Jioni yake tukafungua mzinga pamoja, na malkia alikuwepo, mdogo, anatembea juu ya nyuki wake wachache kama mwenye nyumba anayehesabu wapangaji waliobaki. Mama akanyoosha mkono bila kunitazama akasema, "Lete masega." Nikaleta, ya mizinga yangu, yamejaa. Alichagua yeye.

Jumamosi alisimama mwenyewe. Kiti alikataa. Alisema, "Nilimwita mtu mwizi kwa sababu ana glavu. Ninyi mkaniamini kwa sababu ni mimi nimesema. Fundi, nimekukosea, na mkeo nimemkosea zaidi." Akaenda akamshika mke wa Cheche mikono mbele ya watu wote. Mimi nikasimama nikasema yangu, hakuna aliyenizomea, walinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndipo bibi mmoja wa kikundi, ambaye hana breki za mdomo, akauliza, "Sasa ile asali ya chupa uliyoitambua?"

Mama akarekebisha mtandio wake akasema, "Siku ile nilikuwa na mafua." Tukaendelea na ajenda.

Kikao kilipovunjika mama alitoa hukumu yake. Mizinga yangu minne ameichukua yeye, ataitunza yeye. Mimi nimepewa mmoja, ule wa marehemu, mpaka ujae. Vazi jeupe amelichukua mke wangu, naye limemkaa vizuri kuliko mimi.

Kila jioni nawapelekea chakula ndani ya mzinga, kidogo, nafuta kila tone. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazini nakaa pale nahesabu wanaotoka. Leo nimeona nyuki wanne wakirudi na chavua ya njano miguuni, sijui wameitoa wapi wakati huu. Nikamwita mama. Alikuja akainama, akanieleza kwamba nyuki habebi chavua kama hana watoto wa kulisha ndani. Tukakaa wote wawili kwenye nyasi tunautazama mlango, mpaka wateja wangu wa asubuhi wote wakaenda kwa kinyozi mwingine.